Pindo la Kushoto

8 Juni

Mimi, Minegishi Teppei, ndiye mchora mvua bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa chini ya mbingu. Sisemi Japani. Nasema dunia. Mvua yangu ikinyesha ukurasani, akina mama wa mtaa mzima wa Nerima wanakimbilia barazani kuanua nguo. Nashika rula na nibu, navuta mistari mpaka ukurasa unalowa, na hakuna mstari hata mmoja unaomgusa mwenzake, huku naimba. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Leo redio imetangaza majira ya mvua yameingia Tokyo. Dada Oribe, msaidizi mkuu wa studio yetu ya katuni, ndiye aliyenipa daftari hili. Eti nikiandika kidogo kidogo mwandiko wangu utaacha kufanana na nyayo za kuku. Yeye anakwenda Niigata kumuuguza mama yake na hatarudi mpaka mvua ziishe. Studio inabaki na watu wawili: Mwalimu Sawatari na mimi. Yaani, mimi na Mwalimu Sawatari.

"We Teppei," kaniambia akifunga begi, "nikirudi niikute nyumba bado imesimama."

"Dada, utaikuta imeongezwa ghorofa."

9 Juni

Mvua. Nimechora mvua.

11 Juni

Leo tumetembelewa na Mmarekani. Anaitwa Haldane, mrefu mpaka amegonga kichwa mlangoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na mara zote mbili akauomba mlango radhi. Kampuni yake ya Los Angeles imenunua haki ya kutengeneza filamu ya *Lango la Shino*, na si filamu ya kuchorwa, ni ya watu wenyewe wenye damu na nyama. Kaletwa na mhariri wetu, Bwana Hatanaka, ambaye ndiye ajuaye Kiingereza na ndiye anayetoka jasho kwa niaba ya kila mtu.

Kwa atakayeliokota daftari hili nikishakuwa maarufu: *Lango la Shino* ni katuni ya Mwalimu, ndivyo tunavyomwita mama mwenye studio hii, na ilianza kutoka mimi sijazaliwa. Shino ni binti anayelinda lango la mji wa mlimani. Kila mpita njia anamkaribisha chai. Aliye hai anafunguliwa, anapita. Maiti anayetangatanga anarudishwa alikotoka, kwa upole, baada ya kumaliza kikombe chake. Anawajuaje? Hapo ndipo Mwalimu alipo Mwalimu, maana hajawahi kuliandika jambo hilo hata kwa neno moja. Anachora tu. Kwetu hapa hata mtoto wa chekechea anajua kwamba ukivaa kimono, vazi letu refu lililo wazi mbele, pindo la kushoto linapita juu ya la kulia. La kulia likiwa juu, basi hukuvaa, umevalishwa, na uko ndani ya jeneza. Kwa hiyo msomaji anamtazama mpita njia kifuani, anaona pindo limegeuka, mwili unamsisimka, na Shino bado anamimina chai. Mdogo wake Shino aliporudi kutoka mtoni, pindo la kulia likiwa juu na hakuna aliyesema kitu, mama yangu alikuwa anasoma kwenye treni. Alilia akapitiliza kituo chake, akaja kushtuka yuko mwisho wa reli.

Haldane akaeleza mipango yake. Lango linahamia jangwa la Nevada. Shino ataitwa Sharon. Kutakuwa na mkuu wa polisi anayempenda Sharon. Chai inawachosha watazamaji wa kule, kwa hiyo Sharon atapewa bunduki. Ila nguo zitabaki zetu, kwa sababu nguo ni nzuri mno.

Mwalimu alikuwa anaitikia tu kwa kichwa. Alipomaliza, akamgeukia Bwana Hatanaka.

"Mwambie mengine yote wafanye wanavyoona. Watazamaji wao wanawajua wao. Lakini mavazi yafuate michoro yangu. Uzi kwa uzi."

"Mwalimu," Bwana Hatanaka akanong'ona, "si tuwaeleze tu hiyo habari ya pindo? Sentensi moja."

"Nikieleza kwa maneno, basi sikuchora."

Haldane alipotafsiriwa aliweka mkono kifuani akarudia, uzi kwa uzi, kama anakula kiapo. Nilimcheka moyoni. Lakini nisimpunje: alimaanisha.

Kisha alinivuta pembeni, akaniambia kurasa zetu zinawapa wachoraji wake kizunguzungu. Sisi tunasoma kuanzia kulia, wao kushoto, kwa hiyo wanamwona mtu anaanguka kabla hajapigwa. Kiingereza changu nimekitoa kwenye michezo ya kompyuta, ni cha shambulia, kimbia, nipe dhahabu, lakini tulielewana. Akasema kijana mwenye akili kama mimi wakati wowote anakaribishwa California, aje aone wanavyopiga picha.

California! Dada Oribe hajafika hata Okinawa, hapa hapa Japani.

14 Juni

Mwalimu aliniagiza nitume kurasa safi zisizo na maandishi, ili wale waweke ya kwao. Dada Oribe akapiga simu kutoka Niigata kwa jambo hilo hilo.

"Utume kama zilivyo. Usiguse kitu."

"Dada, mimi huwa nagusa nini?"

"Huwa unagusa kila kitu."

Basi nimefanya zaidi ya nilivyotumwa, kama kawaida yangu. Nimezigeuza zote, juzuu zote, kama unavyoziona kwenye kioo, ili zisomeke kwa kwenda upande wao. Kompyuta inafanya yenyewe, mimi nilikuwa nakula mkate wa tambi. Wala sikuzitazama moja moja, nazijua kwa moyo. Mwalimu sikumsumbua na habari hizo za mitambo.

Haldane amejibu kwamba mimi ni hodari wa ajabu. Nalijua.

15 Juni

Mvua. Nimenunua kitabu cha ramani ya California.

20 Juni

Waraka mwingine kutoka Los Angeles. Bwana Hatanaka alikuja mwenyewe kuusoma, na alivyokuwa anapangusa miwani nikajua si habari ya heri. Mdogo wake Shino hatakufa. Watu wa kule wameonyeshwa hadithi kwa ufupi, hawakupenda mtoto afe. Ataokolewa mtoni na yule mkuu wa polisi, akiwa juu ya farasi.

Mvua ikagonga bati la banda la baiskeli nje.

"Wanawahurumia watoto," Mwalimu akasema mwishowe. "Si jambo baya."

"Mwalimu, hiyo ndiyo hadithi yenyewe!" nikaropoka. "Ni sawa na kuuza samaki ukabakiza harufu!"

Bwana Hatanaka akanikata jicho. "We Minegishi, mdomo."

"Mwache," Mwalimu akasema. "Mdomo ndio nimeuajiri."

Ni kweli. Nilipokuja kuomba kazi aliniwekea ukurasa mezani akaniuliza nauonaje. Nikamwambia farasi wake anafanana na mbwa anayeumwa jino. Akasema, anza kesho. Wote wanaopita humu wanasema, vizuri Mwalimu, safi Mwalimu. Alitaka mmoja asiyejua adabu.

22 Juni

Mvua. Tumekula kari ya jana. Mwalimu kamimina chai pembeni ya kikombe akidhani kikombe kipo pale.

Niandike na hili. Mwalimu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwezi wa nane atapasuliwa. Anachora pua ikigusa karatasi chini ya taa kubwa, na mkono wake unajua njia hata gizani, kwa hiyo Bwana Hatanaka na watu wa jarida linalotuchapa hawajui hali imefika wapi. Mimi najua. Ninamsomea barua, ninamwambia wino ukikauka. Macho yake ya akiba ni mimi.

27 Juni

Mvua kubwa. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ziliingia picha za mavazi, kwa idhini ya Mwalimu, siri, asionyeshwe mtu mwingine. Akizikubali, wanaanza kupiga dakika chache za majaribio. Nikapaza sauti hata kabla sijazifungua vizuri.

"Mwalimu! Wametuletea Sharon!"

"Nakuja, nazima moto," akajibu kutoka jikoni.

Nikafungua. Kha! Kitambaa kimetiwa nili mara kadhaa mpaka kimekolea, fundo la mkanda ni lile lile la Mwalimu, kandambili zimesukwa kwa majani. Nikajivuna kana kwamba nimesuka mimi. Kisha macho yakashuka kifuani. Pindo la kulia juu.

Nilicheka, siwezi kudanganya hapa. Nilisema moyoni, jamani hawa watu, wamemvalisha binti wa watu sanda wakampa bunduki! Utani ulishafika kwenye ncha ya ulimi, namsubiri Mwalimu aingie niutoe.

Hapo nikaliona kovu. Shino ana kovu chini ya jicho la kushoto, tangu juzuu ya kwanza. Sharon analo chini ya jicho la kulia. Mfuko wa majani ya chai uko nyonga ya upande wa pili. Hata ule mkunjo wa bega ambao Mwalimu huuchora upande mmoja tu, umehama. Hawakukosea chochote. Wamefuata uzi kwa uzi kurasa walizopewa. Na kurasa hizo nilizigeuza mimi.

Mwalimu akaingia anapangusa mikono. Akakaa mbele ya kompyuta, akageuza uso upesi kama mtu aliyemulikwa na jua.

"Siwezi. Mwanga wote unamwagika. Niambie wewe. Kitambaa?"

"Kizuri, Mwalimu. Kimetiwa nili hasa."

"Mkanda?"

"Fundo lako lile lile."

"Kandambili?"

"Hata ile kamba ya kushoto iliyokatika, wameikata." Nilisema kushoto kwa mazoea. Ilikuwa ya kulia.

Akacheka. Mwalimu huwa hacheki, hupumua tu kwa pua kitu kikimfurahisha. Leo alicheka kwa sauti, akapiga goti lake.

"Na pindo? Lipi liko juu, Teppei?"

Ningeweza kusema. Kwa nini sikusema? Kwa sababu ningesema la kulia, swali la pili lingekuwa imekuwaje, na jibu la swali la pili lilikuwa limekaa pale pale kwenye kiti changu.

"La kushoto, Mwalimu."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyetua mzigo. Akatoa mhuri wake kwenye kimfuko cha hariri akanipa. "Piga wewe, mimi nitaupindisha."

Nikapiga kwenye karatasi ya idhini. Umekaa sawa kabisa.

Kesho nitamwambia.

28 Juni

Mvua. Sijamwambia.

29 Juni

Mvua. Bado.

1 Julai

Mvua. Nimemwandikia Haldane barua ya kumwambia azigeuze tena. Nikaisoma. Nikafikiria atakavyoshtuka ampigie Bwana Hatanaka, na Bwana Hatanaka atakavyoshtuka ampigie Mwalimu. Nikaifuta.

2 Julai

Bado.

4 Julai

Leo nilikuwa nimedhamiria. Nilipanda juu na chai na biskuti za mchele anazozipenda, maneno nimeyapanga. Nimemkuta anavuma wimbo. Mwalimu, anavuma wimbo!

"Teppei, njoo uone. Sura ya mwisho."

Miaka mingapi wasomaji wanaingoja sura ya mwisho? Bwana Hatanaka alishaacha hata kuuliza. Na sasa michoro ya awali imejaa meza nzima, penseli imepita upesi upesi. Shino ameketi langoni, na kwa mbali mdogo wake anakuja tena, safari hii akitaka kupita.

"Nilikuwa naogopa," akasema, pua kwenye karatasi. "Nilikuwa najiambia, nikiimaliza kisha macho yakakataa, nani ataielewa baada yangu? Sisi wenyewe tunaacha kuvaa kimono. Vijana wanavalishwa na duka siku ya sherehe ya kutimiza utu uzima. Lakini watu wa mbali vile, hawajaambiwa kitu, wametazama michoro wakalipata pindo. Basi inatosha. Naweza kumaliza."

Chai ilikuwa inapoa mkononi mwangu.

"Huyu mtoto unamwonaje? Sema, usinionee haya."

"Miguu yake mifupi," nikasema. "Kama bata."

Akafuta miguu, akapumua kwa pua. Nikashuka.

5 Julai

Mvua. Mvua yote ya sura ya mwisho amenipa mimi. Navuta mistari. Leo miwili imegusana.

8 Julai

Bado.

Dada Oribe kapiga simu. "Mbona umepoa? Unaumwa?"

"Naumwa na akili nyingi."

"Haya, sasa najua huumwi."

Nilitaka kumwambia yeye kwanza. Mama yake akaita nyuma ya simu, akakata.

10 Julai

Haldane atakuja tarehe kumi na tano na dakika za majaribio. Atatuonyesha kwenye chumba kidogo cha sinema, mtaa wa Ginza. Nimejiambia labda katika filamu kila kitu kinapita haraka, moshi, farasi, bunduki, pindo litaonekana saa ngapi? Na kwa macho yale ya Mwalimu.

Naona aibu kusoma nilichoandika hapo juu. Nakiacha.

15 Julai

Mwalimu alivaa kimono cha kijivu cha marehemu mama yake. Njiani kutoka kituoni nilimshikia mwavuli, na watu wawili walimgeukia kumtazama, kwa sababu alikuwa amependeza, mgongo umenyooka, pindo la kushoto limelala juu ya la kulia kama limechorwa.

Chumba kina viti kama vya basi dogo. Akachagua mstari wa mbele kabisa, mpaka ikabidi ainue kidevu. Haldane kando yake, mimi na Bwana Hatanaka nyuma yao. Taa zikazimwa.

Jangwa. Vumbi. Farasi wa kweli, hakufanana na mbwa. Sharon anatokea, naye anaongea. Kha, anavyoongea! Shino wa Mwalimu anaweza kukaa sura nzima bila kutamka neno, anatazama mvuke wa chai tu. Huyu anamweleza mgeni alivyolelewa, anamweleza mkuu wa polisi anavyojisikia, anamweleza farasi. Nikamwona Mwalimu anaitikia kwa kichwa taratibu, kama siku ile. Hayo alishayasamehe zamani.

Kisha upepo ukatulia na kamera ikasogea kifuani kwa Sharon. Ukuta mzima ukawa kimono. Nili, uzi, mkunjo, na pindo la kulia juu ya la kushoto, kubwa kama mlango wa bohari. Kipofu angeliona.

Bwana Hatanaka alivuta pumzi nyuma ya meno. Mbele yetu mkono wa Mwalimu uliinuka ukashika pindo la kimono cha mama yake, ukabaki hapo.

Ilivyoendelea, kila pindo likiwa limegeuka, nitaiandika kama Mjapani yeyote angeiona. Maiti mwenye bunduki analinda lango. Maiti wenzake anawafungulia. Anakuja mtu aliye hai, pindo lake sawa kabisa, naye maiti anampiga risasi.

Taa zikawashwa. Haldane alikuwa na machozi machoni. Akasema neno, Bwana Hatanaka akalitafsiri kwa sauti iliyokauka.

"Anasema wamefuata uzi kwa uzi. Anasema hilo ndilo lililowagharimu kuliko yote, na ndilo anajivunia." Kisha akainama karibu na sikio la Mwalimu. "Mwalimu, niruhusu niwaulize. Swali moja tu, ilikuwaje—"

"Usimwaibishe mgeni," Mwalimu akasema. "Ametoka mbali."

Akasimama, akamwinamia Haldane, akainama chini kabisa, akakaa hivyo muda mrefu. Haldane naye akainama, akagonga kichwa kwenye kiti. Hakuna aliyecheka.

Nje Bwana Hatanaka hakuvumilia. "Zile picha za mavazi, Mwalimu. Zilikuwaje?"

"Zilikuwa sawa. Teppei aliziona."

Wote wawili wakanitazama chini ya miavuli.

"Ndiyo," nikasema. "Zilikuwa sawa."

Kwenye treni alikaa amefumba macho. Nilidhani amelala. Tulipopita kituo cha Ekoda akasema, "Walikuwa nalo sawa kwenye picha, kisha likageuka mikononi mwao na hakuna aliyeshtuka. Washonaji, wapiga picha, yule binti mwenyewe. Watu wote wale. Maana yake mchoro wangu haumwambii kitu mtu ambaye hajaambiwa. Miaka yote nilikuwa najidai tu."

"Hapana, Mwalimu. Si hivyo."

"Usiwe na adabu, Teppei. Haikupendezi."

16 Julai

Mvua. Juu hakuna anayevuma wimbo.

17 Julai

Mvua.

19 Julai

Redio imesema mvua zimekwisha. Jua limewaka toka asubuhi, magodoro ya jirani yote yameanikwa, na mimi sikutaka hata kufungua dirisha.

Dada Oribe karudi na pakiti ya mchele wa kwao begani. "Nyumba imesimama," akasema, akaanza kutabasamu, akaniona uso, akaacha.

Mwalimu aliniita juu. Ukurasa wa mwisho kabisa wa *Lango la Shino* ulikuwa mezani, wino umekauka. Mdogo wake Shino amefika langoni. Amechorwa vizuri mpaka nikasahau kupumua, miguu aliirekebisha. Pindo la kulia juu. Shino anammiminia chai. Na pembeni ya kikombe Mwalimu ameweka kisanduku cha maneno. Ndani yake ameandika kwa penseli, kwa mwandiko wake uleule wa orodha ya sokoni: *Pindo la kulia likiwa juu, mvaaji ni maiti.*

"Nibandikie maandishi safi," akaniambia. "Herufi kubwa kidogo. Watu waelewe."

Nilishuka na ukurasa. Dada Oribe alikuwa ngazini, akausoma mkononi mwangu. Akakaa palepale kwenye ngazi.

"Nani kamfanyia hivi?" akauliza.

"Wamarekani," nikasema. Nimesema tena.

Sasa nimekaa na huo ukurasa mbele yangu. Maandishi nimeshayachapa, nimeshayakata, gundi iko wazi, na mkono hauendi.

Daftari hili nimelijaza kwa kumcheka Haldane. Nevada, Sharon, bunduki, farasi mtoni. Yote hayo Mwalimu aliyameza bila hata kukohoa. Aliomba kitu kimoja, na yule mtu mrefu akampa hicho kimoja kwa moyo wote, kama kilivyokuwa kwenye kurasa nilizomtumia mimi. Mchoro wa Mwalimu haukumshinda mtu yeyote. Huko hakuna aliyewahi kuuona. Waliona wangu, niliougeuza nikitafuna mkate, na Mwalimu aliponiuliza lipi liko juu, nilikuwa nalitazama pindo la kulia kwa macho yangu mazima, nikamwambia la kushoto.